Samadi, mbolea hai na mbolea za viwandani kwenye shamba moja la mahindi au mpunga: hesabu, vipimo na pale watu wanapoharibu

Mpima_Udongo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila msimu wa kununua mbolea ukikaribia, sisi wa Dar wenye mashamba Mvomero, Kilosa, Kisarawe na Bagamoyo tunagawanyika kambi mbili. Wa kwanza wanasema weka samadi, achana na urea, udongo utapona wenyewe. Wa pili wanasema samadi ni ya bustani ya mchicha, heka (ekari) kumi za mahindi hazilishwi kwa viroba. Kambi zote mbili zinakwepa hesabu, na uzi huu ni wa hesabu.

Tuanze na kilichomo. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni (46%). DAP, mbolea ya kupandia, ya kilo 50 ina kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti (ndivyo fosforasi inavyoandikwa kwenye mfuko). Mbolea nyingine za naitrojeni: CAN ina 27%, SA ina 21% pamoja na salfa 24%. Haya yapo kwenye mfuko, hayana ubishi.

Samadi haina lebo. Kwa kukadiria, ya kuku iliyoiva na kukauka huwa na naitrojeni 2 hadi 3%, ya ng'ombe 1 hadi 1.5%. Tatizo ni kwamba hiyo naitrojeni haifiki yote kwenye mmea msimu uleule. Imefungwa ndani ya mabaki, mpaka bakteria wa udongo waifungue. Ya kuku hufunguka kama nusu msimu wa kwanza, ya ng'ombe kama robo. Inayobaki inatoka kidogo kidogo misimu inayofuata.

Sasa piga hesabu. Kiroba cha kilo 50 cha samadi nzuri ya kuku, kikavu, chenye 2.5%, kina kilo 1.25 za naitrojeni. Inayotumika msimu huu ni gramu 600 na kidogo. Ili ufikie naitrojeni ya mfuko mmoja wa urea unahitaji viroba 37. Anayekwambia viroba vitano kwa heka vinaondoa urea, muulize naitrojeni nyingine anaitoa wapi.

Lakini samadi ina vitu ambavyo urea haina hata chembe: fosforasi, potasiamu, zinki, na ile mboji inayoshika maji na kuzuia mbolea isizame. Kwenye mchanga wa Pwani hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Mvua moja nzito ya masika inatosha kuisukuma urea yako chini ya mizizi.

Msimamo wangu ni huu: ukiingiza samadi ya kuku, cha kwanza kupunguza ni DAP. Urea inapungua kidogo tu. Samadi ya kuku ina fosforasi nyingi ukilinganisha na naitrojeni yake, na wengi wanafanya kinyume: wanamwaga DAP mfuko mzima, halafu wanabana urea.

Mfano wa heka moja ya mahindi. Lengo ni naitrojeni kilo 40 na fosfeti kilo 23, kiwango cha magunia 20 na ushee mvua zikikubali.

Kwa mbolea za viwandani peke yake: DAP kilo 50 inaleta naitrojeni 9, zinabaki 31, ambazo ni urea kilo 67.

Kwa mchanganyiko: samadi ya kuku kavu kilo 800 (viroba 16). Naitrojeni yote ni kilo 20, ya msimu huu 10. Fosfeti yake ni kama kilo 16, zaidi ya nusu inapatikana mapema. DAP unaishusha hadi kilo 25, inaleta naitrojeni 4.5. Jumla 14.5. Zinabaki 25.5, yaani urea kilo 55.

Umeokoa nusu mfuko wa DAP na urea kilo 12 tu. Watu wanashangaa hapa, lakini kumbuka ukipunguza DAP umepunguza na naitrojeni yake, na lazima uirudishe.

Kwa samadi ya ng'ombe kavu tani 2 yenye 1.2%: naitrojeni 24, ya msimu huu 6. DAP iache kilo 50, urea iwe 54.

Uwekaji nitauandika chini. Karibuni tukosoane.

Chanika Kwetu

Naweka kambi hapa. Leteni.

Heka_Tatu

Mkuu Mpima_Udongo, ahsante. Shamba lipo Mvomero, udongo mwekundu unaonata kidogo. Kuna mabanda ya kuku wa nyama Kivule wanatoa samadi bure, ubebe mwenyewe, ila imejaa maranda. Inafaa kuingia moja kwa moja kwenye shimo? Na nitajuaje ina nguvu kiasi gani bila maabara?

Mpima_Udongo

Moja kwa moja hapana.

Maranda ni mbao. Mbao ina kaboni nyingi sana na naitrojeni kiduchu. Bakteria wanapoishambulia wanahitaji naitrojeni ya kujengea miili yao, wanaichukua kwenye udongo, tena wanawahi kuliko mizizi. Mahindi yako yanakaa njano wiki tatu nne na wewe unajiuliza samadi gani hii. Kanuni ya kawaida ni kwamba kaboni ikizidi mara 25 hadi 30 ya naitrojeni, bakteria wanakuwa wanyang'anyi. Kinyesi chenyewe cha kuku kipo chini ya 10, mabua ya mahindi karibu 60, maranda mamia.

Kwa hiyo ivundike kwanza. Lundo upana mita 1.5, kimo mita 1.2, urefu unavyotaka. Loanisha kila tabaka. Kipimo cha maji: fumbata kwa nguvu; itoke matone mawili matatu kati ya vidole. Ikichuruzika, imezidi, isipotoa kitu na ikasambaratika, ni kavu. Chomeka kijiti au panga katikati, siku ya tatu kitoke cha moto usiweze kukishika muda mrefu. Geuza kila siku 7 hadi 10, ukiongeza maji. Wiki 6 hadi 8 maranda laini yanakuwa meusi na yanavunjika kwa vidole. Lundo lisipochemka tena hata baada ya kugeuza na kulowesha, na harufu ya amonia ikiisha, limeiva. Lifunike kwa turubai. Mvua ya masika ikilipiga wiki moja, potasiamu na naitrojeni zimeondoka na yale maji meusi yanayotiririka.

Ukipata Minjingu (mbolea ya mwamba wa fosfeti) ya unga, nyunyiza kilo 20 hadi 25 kwa tani wakati wa kujenga lundo. Tindikali za kuoza zinasaidia kuilainisha.

Ukiona kwenye banda wametumia pumba ngumu za mpunga badala ya maranda, hizo haziozi haraka kabisa kwa sababu zimejaa silika. Zinalegeza udongo mzito, ila usizihesabu kama chakula.

Kujua nguvu bila maabara, pima vitu viwili.

Maji: pima kilo moja ya samadi, itandaze kwenye bati juani siku mbili tatu, pima tena. Ikibaki gramu 550, ujue karibu nusu ya Fuso ulilolipia ni maji.

Mchanga: chukua chupa ya lita moja na nusu inayoonekana ndani, jaza samadi theluthi, ongeza maji karibu ijae, tikisa dakika nzima, iache dakika kumi. Mchanga unakaa chini kama tabaka lenye mstari, juu yake matope meusi, mabaki mepesi yanaelea. Samadi inayokwanguliwa kwenye maboma ya ng'ombe mara nyingi inaonyesha tabaka la mchanga refu kuliko ulivyotarajia, na kwa uzito ni zaidi ya unavyoona kwa macho, maana mchanga ni mzito. Punguza hesabu yako kwa kiasi hicho.

Kariakoo_Agro

Mleta uzi hesabu zako ni safi ila umesahau nauli. Viroba 16 kwa heka, heka kumi ni 160. Hiyo ni tani 8. Kutoka Chanika hadi Kilosa mtu anabeba nini hapo? Bora anunue DAP.

Mpima_Udongo

Hoja ya haki kabisa. Samadi ya Dar ibaki kwenye mashamba ya jirani: Kisarawe, Mkuranga, Bagamoyo, Kibaha. Mwenye shamba Mvomero au Kilosa azungumze na wafugaji wa hukohuko, maboma yapo na samadi imelundikana. Ni dhaifu kuliko ya kuku, imepigwa jua miaka, ina mbegu za magugu, ndiyo maana chupa ya mchanga ni lazima. Ila nauli ni ya mkokoteni au trekta la kijijini.

Na si lazima heka kumi zote msimu mmoja. Weka heka tatu mwaka huu, tatu mwakani, zunguka. Samadi ya ng'ombe inaendelea kufanya kazi misimu inayofuata, kwa hiyo mzunguko haupotezi kitu. Heka isiyopata samadi inapata dozi kamili ya viwandani. Kosa ni kutawanya kiroba kimoja kimoja kila mahali mpaka hakuna mmea uliofaidika.

Kulinganisha bei: gawa bei ya mfuko wa urea kwa 23, hiyo ndiyo bei ya kilo ya naitrojeni. Fanya hivyohivyo kwa samadi ukiweka nauli na vibarua. Urea itashinda kwenye naitrojeni karibu kila mara, hasa ukiwa umejiandikisha kwenye ruzuku. Samadi unainunulia fosforasi, potasiamu na udongo wenyewe.

Jaruba Kuu

Kwenye mpunga mambo yanabadilika, acha niongeze, maana watu wanahamisha ushauri wa mahindi kwenda kwenye majaruba wanaumia.

Udongo uliofurika hauna hewa. CAN usiitumie kabisa kwenye maji: nusu ya naitrojeni yake ni nitrati, na nitrati kwenye tope lisilo na hewa hugeuzwa gesi na bakteria ikapotea. Tumia urea au SA.

Mabua ya mpunga msiyachome. Moto unapeleka hewani karibu naitrojeni yote na salfa nyingi. Potasiamu inabaki kwenye majivu, lakini majivu yamekaa kwenye rundo moja pale palipopurwa, hayajaenea shambani. Na mpunga huweka sehemu kubwa ya potasiamu yake kwenye mabua, si kwenye punje. Ukiyarudisha mabua, hiyo potasiamu umeipata bure.

Ila yarudishe mapema. Lima yafukiwe wiki 2 hadi 3 kabla ya kupandikiza, udongo ukiwa na unyevu lakini haujafurika, yaanze kuoza kukiwa na hewa. Ukiyafukia leo, ukajaza maji kesho na kupandikiza keshokutwa, yanaoza bila hewa, yanatoa tindikali na gesi ile yenye harufu ya yai viza. Miche inadumaa, ukiing'oa mizizi ni myeusi badala ya myeupe au ya rangi ya kutu. Dawa yake si mbolea. Toa maji siku 4 au 5 mpaka udongo uanze kupasuka nywele nywele, hewa iingie, kisha rudisha.

Samadi ya kuku iliyoiva, kilo 800 zilezile kwa heka, tawanya kabla ya kuvuruga tope mara ya mwisho, izame ndani. DAP kilo 25 iingie hapohapo.

Urea sasa. Kuirusha juu ya maji mchana ni kuitupa. Mwani kwenye maji yaliyosimama wanashusha tindikali ya maji jua likiwa kali, amonia inaruka hewani. Shusha maji yabaki matope, rusha urea, iache siku moja au mbili, halafu rudisha maji taratibu. Gawa mara mbili: machipukizi yanapoongezeka, wiki 2 hadi 3 baada ya kupandikiza, na suke linapoanza kujengeka ndani ya shina. Usingoje suke litoke nje.

Wenye vidonge vya urea wana raha zaidi. Ukipandikiza sentimita 20 kwa 20, kidonge kimoja kinakaa katikati ya mashina manne, nafasi moja ndiyo moja siyo, kina cha sentimita 7 hadi 10, siku 7 baada ya kupandikiza. Heka inachukua vidonge 25,300 hivi. Vya gramu 2.7 vinafanya urea kilo 68, naitrojeni 31. Vya gramu 1.8 vinafanya kilo 45, naitrojeni 21. Tofauti ni kilo 10, sawa na naitrojeni ya msimu huu aliyoihesabu mleta uzi kwa samadi ya kuku, ingawa DAP ikishuka hadi kilo 25 jumla inapungua kilo 4.5. Kwa hiyo aliyeweka samadi atumie vya 1.8, asiyeweka atumie vya 2.7. Kwenye mchanga unaopitisha maji vidonge havifai, vinazama. Ni vya udongo wa mfinyanzi.

Mbegu ya kisasa ya SARO 5 inaitikia naitrojeni vizuri. Mbegu ndefu za asili zenye harufu ukizipa dozi hiyo zinalala chini kabla ya kuvunwa. Zipunguzie theluthi au zaidi.

Bi Mkubwa wa Kunduchi

Nami naomba kuuliza. Kuna mbolea hai ya maji inauzwa, wanasema lita moja ni sawa na mifuko miwili ya urea, inavuta naitrojeni hewani. Ni kweli au tunapigwa?

Vijidudu Hai

Shikamoo Bi Mkubwa. Unapigwa, ila si kwa sababu bidhaa zote ni za uongo. Mbolea hai ni vijidudu, tutenganishe makundi.

Raizobiamu: huyu kweli anavuta naitrojeni nyingi, lakini anakaa kwenye vinundu vya mizizi ya mikunde: soya, kunde, maharage. Kwenye mahindi na mpunga hana nyumba. Faida yake kwa nafaka inapita kwenye mzunguko au kilimo mseto, kwa mfano mbaazi ndani ya mahindi. Majani yake yakipukutika yanabaki shambani.

Azospirilamu na azotobakta: hawa wanaishi karibu na mizizi ya nafaka. Wanavuta kidogo, faida kubwa wanayotoa ni kuufanya mzizi utawanyike na kunyonya vizuri zaidi kilichopo. Kama hakipo, hakuna cha kunyonya. Ndiyo maana wanafanya kazi vizuri pamoja na urea kuliko badala yake. Ukitaka kujaribu kupunguza, usivuke robo ya urea, na acha mistari kadhaa yenye dozi kamili ulinganishe.

Bakteria wanaoyeyusha fosforasi: hawa wanapendana na Minjingu na samadi, kwa sababu kuna kitu cha kuyeyusha. Ukiweka DAP dozi nzima wanakosa kazi.

Maikoraiza: fangasi wanaorefusha mkono wa mzizi. Nao fosforasi ikiwa tele mmea unawakataa. Ukinunua maikoraiza halafu ukamwaga mfuko mzima wa DAP, pesa ya kimoja imepotea.

Trikoderma: kazi yake ni kuozesha na kupambana na magonjwa ya mizizi, si mbolea ya kulisha.

Halafu kuna busta za kupulizia majani. Hizo si mbolea hai, ni virutubisho vilivyoyeyushwa kwenye maji, ingawa madukani wanazipanga rafu moja.

Kabla ya kununua angalia namba ya usajili wa TFRA (mamlaka ya kudhibiti mbolea), jina la kiumbe kilichomo, idadi yake kwa gramu au mililita (nzuri zinaandika kuanzia milioni 100), na tarehe ya mwisho. Chupa isiyotaja kiumbe ni maji ya rangi. Iliyokaa dirishani kwa muuzaji jua la Dar likiipiga ni makaburi, hata kama tarehe haijafika.

Heka_Tatu

Dada Vijidudu, inatumikaje hasa? Mbegu zetu ni chotara zile za rangi nyekundu.

Vijidudu Hai

Hiyo rangi ni alama ya dawa, na mara nyingi ndani yake kuna dawa ya fangasi. Trikoderma na maikoraiza ukizipaka juu yake unaziua. Bakteria nao wengi hawapendi. Njia salama ni kupitia mboji:

Chukua mboji iliyoiva na kupoa kabisa, kilo 50. Changanya na kipimo cha heka moja kama lebo inavyosema. Nyunyiza maji mpaka ishikane ukifumbata. Funika kwa gunia la katani lililoloanishwa, kivulini, siku 5 hadi 7, ukigeuza mara moja katikati. Usifunike kwa nailoni, wanakosa hewa. Ikiwa tayari, iingie kwenye shimo la mbegu, takriban gramu 5 au 6 kwa shimo kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60.

Maji ya bomba yana klorini. Yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha, au tumia ya kisima kisicho na chumvi, au ya mvua.

Kinachowaua wengi ni kuchanganya poda au maji ya vijidudu na DAP au urea kwenye ndoo moja "kuokoa muda". Chumvi ya mbolea inawakausha papo hapo. DAP ikae pembeni, sentimita 5 ya udongo katikati. Na lundo la samadi likiwa bado la moto usiwatie humo, wanapikwa.

Mpima_Udongo

Hapo dada umenirahisishia. Niweke mpangilio wa shimo kama nilivyoahidi, mahindi 75 kwa 60, mbegu mbili. Heka ina mashimo 8,990 hivi.

Chimba sentimita 15. Samadi ya kuku gramu 90 chini (kilo 800 ugawe kwa mashimo). Tafuta kikombe kimoja, pima kwa mizani ya jikoni mara moja, weka alama ya kalamu, vibarua watumie hicho. DAP gramu 2.8 juu ya samadi, upande mmoja wa shimo. Udongo sentimita 4 hadi 5. Mboji yenye vijidudu. Mbegu. Udongo tena sentimita 4 au 5. Mbegu isiguse DAP wala samadi. DAP ikiyeyuka inatoa amonia karibu yake, na chipukizi linaungua kabla hujaliona. Kwenye mchanga mkavu ndipo linaungua zaidi.

Kwenye udongo mwekundu wenye tindikali kuna faida ya ziada: DAP iliyokaa na samadi haikamatwi haraka na chuma na aluminiamu. Ndiyo sababu ninashauri ziwe shimo moja, samadi isitawanywe shamba zima huku DAP ikiwa shimoni.

Urea usiichanganye na samadi kabla, iwe kwenye gunia au kwenye toroli. Samadi imejaa kimeng'enya kinachovunja urea kuwa amonia. Ukifungua gunia ukasikia inakupanda puani mpaka machozi, hiyo ndiyo pesa inaondoka. Majivu na chokaa ya kilimo nazo zina tabia hiyo kwa urea, SA na DAP. Chokaa iende wiki 2 au 3 kabla, ifukiwe.

Urea ya kukuzia: nusu mahindi yakiwa magotini, majani 6 hadi 8, nusu nyingine kabla mbelewele hazijatoka. Kwenye mchanga wa Pwani gawa mara tatu. Udongo uwe na unyevu, kashimo sentimita 7 hadi 10 kutoka kwenye shina, funika sentimita 5. Wanaoidondosha juu ya ardhi kavu wakingoja mvua, na wanaoidondoshea kwenye moyo wa muhindi, hao hata tusiwajadili.

Mkulima wa Simu

Msaada wa haraka. Mahindi wiki ya tatu, yaliwekewa samadi ya ng'ombe kwenye shimo, sasa yana unjano. Niweke nini?

Mpima_Udongo

Njano ipi? Majani ya chini au ya juu? Kwenye ncha, kingo, au mistari?

Mkulima wa Simu

Ya chini. Inaanzia nchani inaingia katikati kama herufi V. Shamba karibu lote.

Mpima_Udongo

Hiyo ni njaa ya naitrojeni; samadi haikuiva au ina mabua mengi ya zizini. Usingoje magotini. Weka urea kilo 20 kwa heka sasa hivi, ifukie pembeni, na uitoe kwenye hesabu ya awamu ya kwanza. Wiki moja kijani kinarudi.

Kwa wengine watakaopita hapa: zambarau kwenye kingo za majani ya chini ya mche ni fosforasi, au baridi, au mizizi imebanwa. Kingo za majani ya chini zikikauka kahawia ni potasiamu. Majani mapya yakiwa meupe-njano yote huku ya chini ni kijani, fikiria salfa. Hapo SA badala ya urea kwa awamu moja inasaidia. Mkanda mweupe pande mbili za mshipa wa kati, karibu na shina, ni zinki, na hutokea sana kwa waliozidisha DAP. Unjano wa shimo moja moja, ncha zimeungua na mizizi ya kahawia, ni samadi mbichi ya kuku. Hiyo haina tiba zaidi ya maji na kurudishia mbegu.

Na mwenye kiduha (gugu linalonyonya mizizi ya mahindi) shambani asidhani ni upungufu tu. Samadi na naitrojeni vinakipunguza kasi, lakini lazima aking'oe kabla hakijatoa maua.

Kariakoo_Agro

Vipi hizi Fomi za Dodoma, si tayari zina samadi na kemikali pamoja? Mtu akiweka Fomi Otesha, ile ya kupandia, bado anahitaji viroba?

Mpima_Udongo

Zinarahisisha kazi, na punje zake zinahesabika kwenye shimo kama DAP. Soma asilimia kwenye mfuko, fanya hesabu ileile ya kilo za naitrojeni na fosfeti. Ila mfuko mmoja au miwili kwa heka haina mboji ya kutosha kubadilisha udongo wa mchanga. Tani inabaki tani. Kwa shamba la mbali lisilo na samadi jirani, ni chaguo zuri. Ukiwa na maboma ya ng'ombe mita mia tano kutoka shambani, tumia maboma.

Jaruba Kuu

Na pimeni udongo jamani, tusibishane kwa macho. SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro wana maabara, TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Mlingano, Tanga pia. Tembea zigizaga, vituo 15 hadi 20, kina sentimita 20, ndoo ya plastiki safi. Kwepa kichuguu, njia ya ng'ombe na pale palipochomwa mabua. Changanya, chukua nusu kilo, kausha kivulini. Usitie kwenye mfuko uliowahi kuwa na mbolea. pH (kipimo cha tindikali) ikiwa chini ya 5.5, Minjingu inafanya kazi vizuri. Ikiwa juu ya 6.5 au karibu na bahari penye chokaa, fosforasi yake haiyeyuki, bakia na DAP.

Bi Mkubwa wa Kunduchi

Marahaba Vijidudu, nimekuelewa. Swali la mwisho: hiyo gramu 2.8 tunaipimaje? Vibarua wanatumia kizibo cha soda.

Mpima_Udongo

Kizibo ni sawa, Bi Mkubwa, ila usiamini uzito wa kuambiwa. Jaza vizibo 10 vilivyosawazishwa kwa kijiti, weka vyote kwenye mizani ya jikoni, gawa kwa 10. Fanya kwa DAP na urudie kwa urea, kwa sababu urea ni nyepesi, kizibo kilekile kinabeba kidogo zaidi. DAP ya mchanganyiko wetu inakuja kama nusu kizibo kwa shimo. Urea kilo 55 kwa awamu mbili ni gramu 3 na kidogo kwa shimo kila awamu. Kata kizibo cha chupa ya maji kwa kisu cha moto mpaka kifike kipimo hicho, kila kibarua apewe chake, na baada ya mistari kumi hesabu mashimo, uone mbolea iliyotumika inalingana au mtu ameanza kukadiria kwa vidole.